Kuanguka Kutoka Kwenye Lori: Kimo Kidogo, Madhara Makubwa

Katika eneo la ujenzi, macho ya watu huelekea juu. Msimamizi hukagua jukwaa la mirunda linalozunguka ghorofa, fundi hutikisa ngazi kabla ya kuipanda, na mpita njia huinua shingo akihofia kuangukiwa na tofali. Lori lililosimama langoni likiwa na shehena ya saruji halimtishi mtu. Magurudumu yametulia, bodi lake liko usawa wa kifua, na vijana wanaolipanda wameizoea kazi hiyo. Hata hivyo, miongoni mwa majeruhi wanaofikishwa hospitalini wakiwa na visigino vilivyopasuka, pingili za mgongo zilizobonyea au damu iliyovujia ndani ya fuvu, wamo waliopanda lori kupakua vifaa vya ujenzi na wakashuka kwa namna ambayo hawakuitarajia.

Hatari hii hudharauliwa kwa sababu kimo chake huonekana kidogo na kazi yenyewe ni ya muda mfupi. Watu huiita kushusha mzigo. Hakuna anayeiita kazi ya mahali pa juu. Kutokana na dharau hiyo, lori hupandwa bila ngazi, wapakuaji hufanya kazi bila msimamizi, na anayeanguka huinuliwa papo hapo na kuambiwa ajikaze. Makala hii inaeleza kwa nini kimo cha lori kinatosha kumlemaza mtu, jinsi maanguko hayo yanavyotokea, jinsi ya kumhudumia majeruhi, na jinsi ya kuipanga kazi ili watu wachache iwezekanavyo wapande juu.

Kimo cha lori si kidogo

Bodi la lori la kawaida la kubebea vifaa vya ujenzi huwa kati ya mita 1 na mita 1.5 kutoka ardhini. Lakini mpakuaji anayeanza kazi hasimami juu ya bodi tupu. Husimama juu ya shehena yenyewe, na mzigo ukiwa umepangwa hadi ukingo wa juu, nyayo zake huweza kuwa mita 2.5 au zaidi kutoka ardhini, huku kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 4.

Mtu anayeanguka kutoka mita 1.5 hufika chini akiwa na mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa. Akianguka kutoka mita 3, mwendo huo hukaribia kilomita 28 kwa saa. Anguko la mita 1.5 huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde, muda ambao haumtoshi mtu mwenye mzigo begani kuutupa, kujigeuza na kujikinga. Mwili wake ukikomeshwa na ardhi ngumu ndani ya sentimita 5 tu, nguvu ya wastani inayopita katika mifupa yake hufikia takriban mara 30 ya uzito wake.

Tiba ya dharura imelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2001 madaktari nchini Kanada walichapisha kanuni mbili ambazo sasa hutumika katika nchi nyingi. Moja husaidia kuamua ni majeruhi gani wa kichwa anayehitaji kipimo cha CT, na nyingine ni nani anayehitaji picha ya eksirei ya shingo. Katika kanuni zote mbili, kuanguka kutoka futi 3, yaani takriban sentimita 90, au kutoka vidato 5 vya ngazi, huhesabiwa kuwa ajali ya hatari. Bodi la lori, hata likiwa tupu, limevuka kiwango hicho.

Sheria nazo zimekuwa zikibadilika kuelekea uelewa huohuo. Nchini Uingereza, kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 ziliacha kigezo cha zamani cha mita 2. Tangu hapo, mahali pa juu ni mahali popote ambapo mtu akianguka anaweza kuumia. Kwa maana hiyo, mgongo wa lori ni mahali pa juu sawa na paa la nyumba.

Jinsi mzigo unavyomwangusha mtu

Kila kifaa cha ujenzi kina namna yake ya kumwangusha anayekishusha. Hatari ya kwanza hutokea kabla hata ya mzigo kuguswa, wakati wa kufungua kamba na turubai. Mtu husimama juu ya shehena, huishika kamba iliyokaza na kuivuta kwa nguvu zake zote huku akiegemea nyuma. Fundo linapoachia ghafla, au kamba iliyochakaa inapokatika, hakuna tena kinachomzuia, naye huanguka kinyumenyume. Hiyo ni miongoni mwa namna mbaya zaidi za kuanguka, kwa kuwa kisogo na shingo ndivyo vinavyoweza kutangulia kufika chini.

Saruji huja katika mifuko ya kilo 50. Mpakuaji hupokea mfuko begani au kichwani, na kuanzia hapo haoni vyema nyayo zake zinapokanyaga. Vumbi la saruji juu ya karatasi laini ya mifuko huteleza, na mfuko uliopangwa vibaya huzama chini ya mguu. Matofali nayo huonekana imara, lakini safu ya pembeni ikishaanza kupunguzwa, zile zilizobaki hupoteza egemeo. Anayesimama karibu na ukingo hukanyaga tofali lisiloshikwa na kitu.

Nondo ni hatari ya aina nyingine. Kwa kawaida huwa na urefu wa mita 12, mara nyingi zaidi ya bodi la lori, na hubebwa zikiwa zimepinda au kuning'inia nyuma. Nondo moja iliyonaswa chini ya nyingine, ikivutwa kwa nguvu, hujinasua na kuruka kama upinde, ikampiga mpakuaji au kumsukuma nje. Mabati hukata mikono, huteleza yakiloa, na upepo ukiyakamata humbeba aliyeyashika. Mirunda na magogo hubingirika mara tu nguzo za pembeni za bodi zinapoondolewa. Mlango wa bodi ukifunguliwa huku shehena ikiwa imeuegemea, mzigo na mtu huweza kumiminika pamoja.

Mwisho kuna kushuka kwenyewe. Baada ya saa nzima ya kazi, miguu ikiwa imechoka, mpakuaji huruka chini badala ya kushuka taratibu. Wengi huruka salama mara mia, kisha siku moja wakatua juu ya kipande cha tofali. Wapo pia wanaoruka wakiwa wamevaa pete. Pete ikinaswa kwenye ndoano ya kufungia kamba, uzito wa mwili mzima hubaki kwenye kidole kimoja, na ngozi ya kidole hicho huweza kuchunika yote hadi kwenye mfupa.

Kimo hakiamui peke yake ukubwa wa madhara. Mahali anapoangukia mtu nako huamua. Eneo la ujenzi hujaa kokoto, mbao zenye misumari na nondo za kusubiria nguzo zilizochomoza kutoka kwenye msingi. Nondo hizo zisizofunikwa huweza kumchoma na kumpenya mtu anayeziangukia. Lori likiegeshwa kando yake, anguko la mita moja na nusu huweza kuwa la mauti.

Haraka na malipo ya tripu

Aghalabu wapakuaji ni vibarua waliokusanywa papo hapo. Hulipwa kwa tripu na si kwa saa, hivyo lori likimalizika mapema ndivyo wanavyowahi lingine. Dereva naye anasubiriwa kwingine, na utingo anahimiza. Mwenye nyumba anayejenga kidogo kidogo kadiri anavyopata fedha hana mhandisi wala ofisa usalama. Shehena ikifika jioni, hushushwa kwa mwanga wa simu. Katika mazingira hayo kila mtu anadhani usalama ni jukumu la mwingine. Dereva anasema kazi yake ni kuendesha, mwenye mali anasema amewalipa watu wanaoijua kazi, na kibarua hana sauti ya kusema ngojeni.

Kwa sababu hiyo haitoshi kumwambia mpakuaji awe mwangalifu. Uangalifu wa mtu aliyebeba kilo 50, anayekimbizana na giza, una kikomo. Kinachohitajika ni kazi kupangwa na mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha.

Mwili unapofika chini

Mtu anayetua kwa miguu huumia kwanza kisigino. Mfupa wa kisigino hupasuka kwa kubanwa kati ya uzito wa mwili na ardhi, lakini nguvu haiishii hapo. Hupanda kupitia muundi, goti, nyonga na fupanyonga hadi kwenye uti wa mgongo, na hasa mahali pingili za kifua zinapokutana na za kiuno. Vitabu vya tiba ya mifupa hufundisha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 waliovunjika kisigino kwa kuanguka huwa pia amevunjika pingili ya mgongo. Maumivu makali ya mguu huweza kuyafunika ya mgongo, naye akarudishwa nyumbani akiwa na plasta ngumu mguuni huku mvunjiko wa hatari zaidi haujaonekana.

Vipande vya pingili iliyopasuka vikisukumwa nyuma hubana ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Dalili zake ni ganzi au udhaifu wa miguu, mkojo kushindwa kutoka na kutojihisi sehemu za siri. Kijana aliyekuwa akitegemewa na familia huweza kubaki bila uwezo wa kutembea.

Mtu anayetanguliza mikono huvunjika kifundo cha mkono au kiwiko. Anayeangukia kichwa huweza kuzirai, kuzinduka na kuonekana mzima, akazungumza na hata kuomba kurudi kazini. Wakati huo damu huweza kuwa inakusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo. Saa chache baadaye kichwa humuuma kwa kuzidi, hutapika, husinzia, na mboni ya jicho moja hutanuka. Kipindi hicho cha kuonekana mzima kimewahadaa wengi, kwa kuwa wenzake humwacha alale wakidhani anapumzika.

Dakika za kwanza

Desturi ya kumwinua aliyeanguka na kumsimamisha hutokana na huruma, lakini huweza kukamilisha jeraha lililokuwa halijakamilika. Pingili iliyovunjika bila kuudhuru ugwe wa mgongo huweza kusogea mgonjwa anapokunjwa kwenye kiti cha bajaji au kupakiwa pikipiki kati ya dereva na msindikizaji.

Wanaomfikia kwanza wafanye yafuatayo:

1. Wasimamishe kazi, wahakikishe mzigo uliobaki hautaanguka, na dereva azime gari.
2. Wasimwinue. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kwa mikono miwili kisigeuke.
3. Wamwulize jina lake, mahali panapomuuma, na kama anaweza kuchezesha vidole vya miguu na mikono.
4. Jeraha linalovuja damu ligandamizwe kwa kitambaa safi. Nondo au kitu kingine kilichomchoma kisichomolewe. Kishikiliwe kisitikisike hadi hospitali.
5. Wasimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji.
6. Akitapika, au akiwa hana fahamu na kupumua kwake kuna mkoromo, ageuzwe ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia.
7. Pasipokuwa na gari la wagonjwa, alazwe chali juu ya ubao mpana au mlango, afungwe kwa vitambaa kifuani, nyongani na miguuni, kisha asafirishwe amelala katika gari lenye nafasi, likiendeshwa taratibu.

Kuna pia mambo ya kuepuka siku zinazofuata. Kuchua mgongo uliovunjika, kuukanda kwa maji ya moto au kuuvuta kwa mtaalamu wa jadi huchelewesha matibabu na huongeza madhara. Aliyeanguka na kuumia kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo, na mojawapo ya dalili zilizotajwa ikijitokeza arudishwe hospitali mara moja.

Kwa mtoa huduma za afya

Maneno "ameanguka kutoka kwenye gari" katika cheti cha mgonjwa hayatoshi. Maswali manne huibadilisha tiba: Ameanguka kutoka kimo gani? Ametangulia kiungo gani? Ameangukia nini? Je, mzigo ulimwangukia baada ya hapo? Swali la nne ndilo husahaulika zaidi. Mfuko wa saruji ukimfuata mtu kifuani huweza kuvunja mbavu na kujeruhi mapafu, ini au bandama, hata kama malalamiko yake yote ni ya mguu.

Uchunguzi uanze na njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu, kabla ya kuvutwa na kiungo kilichopinda. Kiwango cha fahamu kipimwe kwa kipimo cha Glasgow, chenye alama 3 hadi 15, na kirudiwe mara kwa mara. Alama inayoshuka ina maana kubwa kuliko alama moja iliyoandikwa wakati wa kupokelewa. Kila mwenye mvunjiko wa kisigino apapaswe mgongo mzima, pingili kwa pingili, na apigwe picha ya mgongo panapokuwa na maumivu au shaka. Kisigino cha pili nacho kichunguzwe. Maumivu ya mguu yanayozidi licha ya dawa, huku mguu umevimba na kukakamaa, yaashirie shinikizo ndani ya misuli, ambalo halingoji hadi asubuhi.

Katika kituo kidogo cha afya, mgonjwa anayeshukiwa kuumia mgongo apewe dawa ya maumivu, awekewe mpira wa mkojo ikiwa hawezi kukojoa, ageuzwe kama gogo kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo, na apelekwe hospitali ya rufaa akiwa na maelezo ya maandishi. Nguvu na hisia za miguu ziandikwe kabla ya safari, ili wanaompokea wajue kama hali imebadilika njiani.

Kupanga kazi kabla ya lori kufika

Kinga ya kwanza ni kutompandisha mtu. Mchanga na kokoto vije kwa tipa linalojimwaga lenyewe. Mwenye mradi mkubwa aagize vifaa kwa lori lenye winchi, au mifuko na matofali yaliyopangwa juu ya palleti yashushwe kwa mashine. Kamba ziwekwe mafundo yanayofunguliwa kutoka ardhini, na turubai livutwe kwa kamba ndefu kutoka chini.

Pale ambapo lazima mtu apande, gharama za kumlinda si kubwa. Ngazi imara ifungwe kwenye bodi, naye apande na kushuka akiitazama, asikanyage gurudumu wala kuruka. Lori liegeshwe mahali tambarare, mbali na nondo zilizochomoza na nyaya za umeme, magurudumu yawekewe kabari, na funguo zishikwe na msimamizi hadi mtu wa mwisho ashuke. Mzigo ushushwe safu kwa safu kuanzia juu, na mpakuaji aelekeze uso wake kwenye ukingo, asirudi nyuma kuuelekea. Mfuko usogezwe hadi ukingoni na kupokelewa begani na aliye chini. Penye tuta au jukwaa la kupakulia lililo sawa na bodi, pengo lenyewe la kuangukia hupotea.

Kofia ngumu ifungwe kamba ya kidevu, la sivyo itamtangulia mvaaji kufika chini. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye nyayo zisizoteleza, ndala hazifai. Mkanda wa usalama, ambao watu hudhani ni dawa ya kila kimo, hausaidii sana hapa. Kamba yake yenye kifyonza mshtuko huhitaji nafasi ya mita kadhaa chini ya mtu ili imkomeshe kabla hajagusa ardhi, na lori halina nafasi hiyo.

Haki ya aliyeumia

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kulinda usalama wa watu wake kazini, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye dhamana ya kuisimamia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka msingi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huhusika na mfanyakazi aliyeumia au kufariki kutokana na kazi.

Hata hivyo, kibarua asiye na mkataba wa maandishi mara nyingi humweleza daktari kwamba ameteleza nyumbani. Pengine amelipiwa nauli ili aseme hivyo, au anahofia kutoitwa tena. Kauli hiyo humdhuru mara mbili. Daktari anayesikia kwamba mgonjwa ameteleza sebuleni hatautafuta mvunjiko wa pingili kwa bidii ileile, na siku familia itakapotafuta haki itakuta kumbukumbu ya hospitali inapingana nayo. Mgonjwa aseme ukweli, na mtoa huduma auandike: tarehe, mahali, kimo, aina ya mzigo na kazi iliyokuwa ikifanyika.

Anayeagiza lori la matofali hupatana bei ya tofali, ya usafiri na ya kushusha. Katika mapatano hayohayo aulize maswali mengine matatu: lori litaegeshwa wapi, nani atasimamia upakuaji, na ngazi iko wapi. Yakikosa majibu, shehena ingoje hadi asubuhi.